Mlinzi wa Ardhi Tupu



Nianze na abiria. Ni saa kumi na moja na nusu jioni, Kariakoo, naye anataka kurudi kwake Gongo la Mboto. Haendi kusimama kwenye kituo cha kuanzia. Anarudi nyuma vituo viwili, anapanda daladala inayoingia mjini, analipa nauli, anapata kiti, anafika nayo mwisho, na hapo anabaki ameketi huku wenzake wakisukumana mlangoni na wengine wakirusha mikoba dirishani. Gari linageuka, na yeye analipa nauli ya pili. Watu wa Dar es Salaam tuna jina la jambo hili: kugeuza nalo.

Msimcheke. Mtu huyu anajua saa ambayo gari hujaa, anajua idadi ya viti, anajua konda yupi ana tabia ya kukatisha ruti pale Buguruni, na amepima thamani ya kiti dhidi ya nauli moja ya ziada. Huyo ni mpangaji wa usafiri. Mpango wake ni wa dakika tisini tu. Nilichoitwa kuzungumzia leo ni mpango wa miaka ishirini, ule ambao ungefanya mtu huyu asilazimike kununua kiti chake mara mbili.

Tukisema mpango wa muda mrefu, wengi wetu huona orodha: barabara hii itapanuliwa, daraja lile litajengwa, stendi itahamia kule. Orodha hizo zipo na zina kazi yake. Lakini nimeishi na ramani kwa muda wa kutosha kujua kwamba takwimu zilizo nyuma ya orodha hukosea karibu kila mara. Sensa ya 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu 272,821. Ya 2022 ikawakuta mkoani 5,383,728. Hata ukikumbuka kwamba mipaka imebadilika, hiyo ni karibu mara ishirini kwa miaka 55. Hakuna mtaalamu wa mwaka 1968 ambaye angeleta makadirio hayo mezani akaachwa atoke chumbani na heshima zake. Kwa hiyo simlaumu mpangaji kwa kukosea idadi ya watu. Namuuliza jambo moja tu: uliacha wapi ardhi tupu? Ukiacha ukanda wa mita sitini katikati ya mikorosho, aliyekuja miaka thelathini baadaye ataamua mwenyewe kama ataweka lami, reli, basi au baiskeli. Usipouacha, atakuta nyumba, kisima, kaburi na duka la dawa.

Dar es Salaam haikukosa mipango. Ulikuwepo wa 1949, uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza. Ule uligawa mji kwa msongamano wa makazi, na msongamano ulikuwa jina la adabu la rangi ya ngozi: Oyster Bay ya Wazungu, Upanga ya Wahindi, Ilala, Magomeni na Temeke za Waafrika. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Hapo usafiri wetu ulipata umbo ambalo bado unalo, kwa sababu mfanyakazi aliwekwa upande mmoja na kazi yake upande mwingine, kati yao ukabaki uwazi wa Mnazi Mmoja. Ukafuata mpango wa 1968, wa wataalamu wa Kanada, halafu wa 1979, wa Wakanada wengine, ambao ulipaswa kuutosha mji mpaka 1999. Baada ya hapo tulikaa muda mrefu tukiishi kwa mpango uliokwisha tarehe, kama dawa ya zamani kabatini, hadi ulipoandaliwa huu wa 2016 hadi 2036.

Sasa wekeni mipango hiyo kando, mhesabu walezi wake. Mpango wa 1968 ulikuwa na miaka minne tu pale sera ya Madaraka Mikoani ilipotangazwa mwaka 1972 na serikali za mitaa zikavunjwa. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978. Mwaka uliofuata zikapewa mpango mpya, yaani mtoto alikabidhiwa kwa mama ambaye mwenyewe ametoka kuzaliwa. Mpango huo wa 1979 ulikuwa haujamaliza muda wake pale Serikali ilipoivunja Halmashauri ya Jiji mwaka 1996 na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 Jiji likarudi, likiwa na manispaa tatu chini yake: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala.

Sisemi kwamba kila uamuzi huo ulikuwa mbaya. Tume ya Keenja, kwa mfano, iliukuta mji umelemewa na taka, na wapo wanaoikumbuka kwa wema. Ninachosema ni hesabu. Tangu 1968 mji huu haujapata mlezi mmoja aliyekaa miaka ishirini na tano mfululizo bila kuvunjwa au kugawanywa, na mipango yake yote ni ya miaka ishirini.

Meya wa kwanza Mwafrika wa mji huu, aliyechaguliwa 1960, alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule yule aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Huwa nafikiri kwamba ofisi ya mipango ingefaa kumwajiri mshairi mmoja wa kimapokeo. Angalau yeye anajua kwamba mizani ikiwa ni nane, ni nane, hata kama shangazi ana neno zuri sana la silabi tisa.

Maana hifadhi ya barabara, yaani ule ukanda wa ardhi tupu, ni mizani. Na sisi tumeipokea kama maoni.

Tazameni mfano wa Morogoro Road. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha, hifadhi yake ilikuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, upana uliotokana na sheria za tangu enzi za ukoloni. Kwa barabara nyingine kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Ndipo zikaja zile alama za X ambazo hata mtoto wa darasa la pili anazisoma: X nyekundu, umevamia, ondoka bila fidia; X ya kijani, barabara ndiyo iliyokufuata, subiri fidia. Mwaka 2017, Kimara na kuendelea, zaidi ya nyumba 1,000 zilibomolewa kupisha barabara pana ya kwenda Kibaha.

Kuna watu wawili wanaozungumza kuhusu bomoabomoa hiyo, na wote wawili nimewasikiliza. Wa kwanza anasema sheria ni sheria, mita 121.5 zilikuwepo kabla hawajajenga. Kweli. Wa pili anasema nyumba yangu ilikuwa na umeme na maji, mkataba wa kiwanja nilisaini mbele ya mjumbe, na serikali ya mtaa ilichukua asilimia yake ya mauziano. Nalo, kwa sehemu yake, ni kweli. Aliyekosekana katika mazungumzo yao ni mtu wa tatu: yule ambaye miaka thelathini kabla, siku lori la kwanza la tofali liliposhusha mzigo ndani ya hifadhi, alipaswa kufika na kusema hapana. Siku hiyo gharama ya kulinda ukanda ilikuwa mshahara wa mtu mmoja, pikipiki na rangi ya kupaka bikoni. Tulipoikosa gharama hiyo ndogo, tulilipa kubwa, na waliolipa zaidi ni wale waliokuwa wamebeba vyombo vyao kichwani asubuhi ile.

Katika halmashauri moja, ambayo sitaitaja, niliwahi kuomba nione ramani ya mpango. Ikatolewa kabatini, imeliwa na mchwa upande wote wa mashariki. Kijana wa masijala akaniambia kwa heshima kabisa: “Shikamoo mzee. Hii ya upande uliobaki bado inatumika.”

Nirudi kwenye umbo la mji. Dar es Salaam ina barabara kuu nne zinazotoka katikati kama vidole: Bagamoyo, Morogoro, Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na Kilwa. Inayovikata vidole hivyo ni Mandela pamoja na Sam Nujoma, kutoka Mwenge, Ubungo, Tazara hadi Kurasini. Katikati ya kidole na kidole ndiko watu wengi wanakoishi: Tandale, Buguruni, Vingunguti, Keko. Huko nyumba zilitangulia na njia ikafuata ilipopata nafasi. Kuna mitaa ambako jeneza hubebwa mabegani hadi kwenye lami kwa sababu gari halifiki, na ndoo ya taka husafiri hivyo hivyo. Kwa hiyo anayetoka Tandale kwenda kumwona ndugu Mabibo, safari ambayo kunguru angeimaliza kwa pumzi moja, mara nyingi hulazimika kwenda kwenye kidole kwanza, kusimama kwenye foleni ya vidole, halafu kurudi ndani. Barabara kuu hubeba safari zake na za mitaa ambayo haikuachiwa barabara. Unaweza kuijenga juu, kama ilivyofanyika Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021, na ni kazi nzuri, nami hupita juu yake kwa furaha. Lakini daraja la juu haliwezi kuzaa mtaa wa pili nyuma ya barabara.

Pengo hilo ndilo bodaboda alilokuja kuliziba. Kabla yake lilizibwa na daladala, tangu enzi za yale magari ya chai maharage, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. UDA, shirika lililoanzishwa 1974, lilikuwa na mabasi ya kujivunia, pamoja na Ikarus kumbakumba ambayo watoto tulipenda kusimama pale kwenye kiungo chake katikati, linapokata kona nawe unageuka. Vipuri vilipoadimika mabasi yakalala. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli shilingi 5, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Jina likabaki hata sarafu ilipokufa. Daladala haikupangwa na mtu. Dereva huwaza hesabu ya tajiri, anayoipeleka jioni, na kwa hesabu hiyo mwanafunzi ni hasara na mtaa usio na abiria wengi ni hasara. Sina ugomvi naye. Anafanya kazi ambayo tulimwachia, kwa masharti ambayo hatukuyaandika.

Halafu mwaka 2002 likatokea jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Wazo la mabasi yaendayo haraka halikutoka wizarani. Lilianzia Halmashauri ya Jiji, wakati wa meya Kleist Sykes, baada ya miji kama Bogotá ya Kolombia kuonyesha kwamba basi lenye njia yake linaweza kufanya kazi tuliyodhani ni ya treni. Halmashauri ndiyo iliyoona. Mwaka 2007 kazi ikakabidhiwa kwa wakala wa Serikali, DART. Ujenzi ukaanza 2012. Abiria wa kwanza wakapanda Mei 2016, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, nauli ya njia kuu shilingi 650. Watu wakayapa mabasi hayo jina lao wenyewe, mwendokasi, jina ambalo baadhi ya jioni hutamkwa kwa kejeli.

Kutoka wazo hadi abiria ni miaka kumi na minne. Sensa ya 2002 ilikuta watu wasiofika milioni 2.5; ya 2012, mwaka wa kuanza kuchimba, ikakuta 4,364,541. Yaani mradi ulipoanza kujengwa, mji ulikuwa umeongeza watu zaidi ya milioni 1.8 juu ya wale waliokuwepo wazo lilipozaliwa. Hata hivyo uliwezekana. Kwa nini uliwezekana kwenye Morogoro Road? Kwa sababu pale palikuwa na upana. Hifadhi ya barabara hiyo, ambayo watu waliiona pori la bure, ndiyo iliyobeba njia mbili za basi katikati, vituo, njia za magari, za baiskeli na za miguu.

Na kosa lake kubwa pia ni la ardhi. Karakana iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo maji yana hati ya kumiliki ya zamani kuliko mtu yeyote. Mvua zikija, maji huja kukagua. Mabasi yalizama, njia ikafungwa, abiria wa Kimara wakashushwa Magomeni. Sikuhitaji mtaalamu wa maji kunieleza. Wakazi wa Jangwani waliokimbia mafuriko ya Desemba 2011 walikuwa wameshatueleza.

Hao wa Jangwani wana somo jingine. Wengi walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka walikokuwa wakiuza samaki, wakifua nguo, wakipakua mizigo. Uamuzi ule uliitwa wa makazi na wa maafa. Kwa mama muuza mihogo aliyehitaji kufika Kariakoo kabla ya jua, ulikuwa uamuzi wa usafiri, na hakuna aliyekaa naye kupiga hesabu ya nauli. Baadhi walirudi bondeni. Tuliwaita wakaidi.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na madiwani moja kwa moja, maana najua mnachofikiri. Mnafikiri: mzee huyu anatuambia tupange usafiri, na usafiri hatunao. Barabara kuu ziko TANROADS. Za mitaa zilikuwa zetu hadi 2017, zikaenda TARURA, na ushuru wa maegesho ukaenda nazo. Leseni za daladala ziko LATRA, mwendokasi uko DART, foleni iko kwa trafiki. Abiria akitoka Kimara yuko Manispaa ya Ubungo, akifika Magomeni yuko Kinondoni, akivuka Jangwani yuko Jiji. Amepita halmashauri tatu na hajanywa chai. Na ninyi mna miaka mitano, mkurugenzi wenu anaweza kuhamishwa kabla hajaizoea njia ya kwenda ofisini.

Yote hayo ni kweli. Lakini kitu kimoja kimebaki mikononi mwenu, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyoondoka. Kamati yenu ya mipango miji ndiyo inayopitia michoro ya viwanja. Kibali cha ujenzi hutoka kwenu. Ninyi ndio mnaopendekeza soko liwe wapi, sekondari ya kata iwe wapi, zahanati iwe wapi. Kila uamuzi wa namna hiyo ni kituo cha daladala ambacho bado hakijapata jina. Mkipeleka sekondari kilomita nne kutoka barabarani kwa sababu kule ardhi ilikuwa ya bure, mmepanga usafiri: mmeamua kwamba watoto mia sita watatembea, na wengine watakaa kwenye tangi la bodaboda.

Curitiba, mji wa Brazil ambao wote tunaofundisha fani hii huutaja mpaka wanafunzi huchoka, haukushinda kwa mabasi. Ulianzisha taasisi yake ya mipango mwaka 1965, ukapitisha mpango mwaka uliofuata, na mabasi ya njia maalumu yakaanza 1974. Jaime Lerner alikuwa meya mara tatu, lakini taasisi ilikuwepo hata asipokuwepo. Kando ya njia za basi waliruhusu majengo marefu. Mbali na njia wakayazuia. Basi halikufuata watu, watu walielekezwa kuishi karibu na basi. Kulikuwa na utawala wa kijeshi Brazil wakati ule, na hilo lisisahaulike tunapowasifu. Hata hivyo sheria ya majengo kando ya njia ni jambo ambalo baraza lolote la madiwani linaweza kulijadili alasiri moja.

Basi nendeni kwenye kingo zenu. Nendeni Buyuni, Kibada, Mabwepande, nendeni mpaka kule ambako bado mtu hununua shamba kwa kuhesabu minazi. Kule fidia ya ukanda wa barabara leo ni fidia ya mikorosho. Baada ya miaka kumi itakuwa ya msingi wa nyumba, baada ya ishirini ya ghorofa. Chukueni ramani, chagueni njia nne au tano tu ambazo zitaunganisha vidole, msichague kumi na tano, wekeni bikoni ambazo hata mwenye kiwanja ataziona, na mlipe fidia mapema, hata kama hakuna lami itakayokuja katika muhula wenu wala unaofuata. Mwenyekiti wa mtaa apewe nakala ya ramani ukutani, kwa sababu yeye ndiye anayeshuhudia mauziano, naye akigonga muhuri juu ya ukanda huo ajue anagonga nini. Ni kazi isiyo na utepe wa kukata. Hakuna atakayewapiga picha mkiwa mmesimama kwenye nafasi ambayo haina kitu.

Saa yangu inaonyesha nimekula dakika saba za maswali. Yule mheshimiwa wa nyuma, mwenye kofia, ameshika mkono juu tangu nilipotaja ushuru wa maegesho. Karibu, mheshimiwa. Mpeni kipaza sauti.